Mti wa Kifua

Jamaa zangu, sikilizeni yaliyoipata nyumba ya jirani yangu, seremala. Jioni zao zilikuwa tulivu. Mama yake, mgonjwa wa pumu, alikaa kibarazani na kikombe cha magome yaliyochemshwa, akimtania mkwewe: "Ungepika na chai kwa bidii hivi, ningenenepa." Mkwewe, yaani mke wa seremala, muuza mitishamba, alicheka.

Siku moja akaja mtafiti, binti mpole, kuuliza habari za mti uliotoa magome hayo, ulioota kwenye mlima wetu tu. "Maabarani unaonyesha dalili nzuri," alisema. "Huenda tukapata dawa ya kuwafaa wengi. Ila msibandue gome kuzunguka shina lote. Toeni upande mmoja tu, mti upone."

Uvumi ukasambaa kwamba magome hayo ni dawa kubwa. Wachuuzi wakaja na malori kuyanunua kwa magunia. Seremala akaweka randa chini, akashika panga.

"Baba watoto, unaumaliza mlima," mkewe alimwambia.

"Nisipobandua mimi, atabandua mwingine. Niache."

Basi akabandua, mti baada ya mti, chini mpaka juu. Miti ikabaki uchi, kisha ikakauka. Gunia la mwisho lilipopelea, alichukua hata magome ya kwenye kopo la jikoni akajazia. Ndiyo, jamaa zangu, dawa ya mama yake mzazi.

Wiki hiyohiyo kifua kilimbana mama. Mke wa seremala alifungua kopo, akalifunga, akalifungua tena.

"Dawa iko wapi, mwanangu?" mama aliuliza kwa shida.

Seremala alikimbia kutafuta gari. Walimpakia kwenye gari la jirani, lakini hospitali ilikuwa mbali. Alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa mkwewe.

Baada ya mazishi wageni walitawanyika. Mke alipika, akapakua, akaosha vyombo. Seremala alikula alichopewa bila kujua ladha yake. Hakuna aliyelia wala kugombana.

Mtafiti alirudi akitabasamu. Majaribio yalikwenda vizuri; sasa alihitaji mbegu na majani mabichi. Seremala akampandisha mlimani, wakapita kati ya mashina makavu mpaka upande wa pili.

"Hata mche mmoja?"

"Hata mmoja."

Binti akafunga mkoba wake. "Basi kazi yetu imeishia hapa." Wakateremka.

FUNZO

Mti wa dawa si mali ya anayeukuta leo peke yake. Tuchukue kwa kiasi, tupande mingine, tuwaache watafiti wamalize kazi, na mgonjwa tumwahishe hospitali. Ukiua mti ambao dawa yake bado inatafutwa, unawazika wagonjwa usiowajua, na pengine aliyekuzaa.