Bunduki Iliyokubali Kukokiwa

"Shangazi, nguo zimekauka."

"Zianuliwe?"

"Leo leo. Kabla gari halijaja kuzibeba."

Simu ikakatika.

Shangazi akaitumbukiza Nokia yake mkobani, chini ya leso na juu ya Beretta. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Jina alipewa na idara yake ya upelelezi, kwa kuwa alikuwa mwanamke mnene wa makamo mwenye uso wa mtu anayekuja kukuuliza kwa nini hujaoa mpaka leo. Uso kama huo watu huukimbia. Hawaukagui.

Nguo ni bunduki. Kukauka ni kwamba zimeshaingia nchini. Gari ni lori la kuzivusha mpakani mchana ule, kuwapelekea watu wanaouana.

Na zilikuwa wapi hizo bunduki?

Mbele ya pua yake. Ndani ya makumbusho ya historia ya polisi.

Haya, tazama ujanja wa mtu. Tajiri mmoja mgeni, wanamwita Mfadhili, alileta makasha ya bunduki za kale, zawadi kwa ukumbi mpya wa silaha. Mzigo wa polisi, unapokelewa na polisi, umeandikwa POLISI ubavuni. Ofisa gani wa forodha anayependa kazi yake atausimamisha? Asubuhi ukumbi unazinduliwa. Mchana bunduki zinapakiwa tena, eti zinakwenda kuonyeshwa nchi jirani.

Bunduki ya makumbusho ni maiti. Mtutu wake huzibwa, na sehemu ya kukokia huchomelewa kwa moto isisogee tena milele. Shangazi alitumwa kujua kama hizi zilikuwa maiti kweli au zimejilaza tu. Na kama zimejilaza, nani humu ndani amezifungulia mlango.

Hilo la pili halikumkosesha usingizi. Alikuwa na mtu wake humu.

"Binti yangu! Umenenepa!"

"Na wewe umekonda, afande. Tumegawana."

Mzee Kwata akacheka mpaka medali zikagongana kifuani. Ndiye aliyekuwa mkuu wa makumbusho. Kabla ya kustaafu alifundisha kwata na silaha chuoni, na hapakuwa na askari mzee nchini ambaye hakuwahi kutukanwa naye. Baba yake Shangazi, askari pia, alipouawa na majambazi kwenye kizuizi cha barabarani, Mzee Kwata ndiye aliyeleta habari nyumbani. Akaileta, akabaki. Alimlea yule mtoto mpaka akawa mtu. Siku ya harusi alikaa kwenye kiti cha baba. Ndoa ilipovunjika akasema, "Afadhali. Alikuwa anatembea kama bata."

"Umekuja kikazi?" akauliza sasa.

"Nimekuja kula vitafunio vya serikali."

"Basi wahi. Wakubwa wakifika utakuta sahani."

Hereni ya kushoto ikakwaruza. Ilikuwa redio, ndogo kuliko punje ya mahindi.

"Shangazi, Dereva hapa. Lori limeingia ua wa nyuma. Limeanza kugeuza."

"Lizibie na Hilux. Ukiulizwa, gari limekufa."

"Hili? Jipya hivi?"

"Jifanye mjinga, mwanangu. Hutapata shida."

Ukumbi ulinuka rangi mbichi. Bunduki zilisimama ukutani kwa safu, zimepakwa mafuta, kila moja na kibao chake. Katikati alisimama Mfadhili, suti nyeupe, tabasamu la muuza vitanda. Mpiga picha wa gazeti akainua Canon yake.

"Mkuu, shika moja basi! Kiaskari!"

Mzee Kwata akanyoosha mkono, akaitoa bunduki ukutani.

Mikono yake haikumngoja.

Mtutu juu. Kidole mbali na kifyatulio. Koki. Chungulia ndani. Funga.

Kla-klak.

Ndivyo alivyofundisha maisha yake yote. Bunduki ukiishika, ifungue kwanza, hata kama umepewa na mama yako mzazi. Alikuwa amewapiga waliosahau fimbo za magoti. Shangazi mwenyewe alikuwa na kovu.

Wageni wakapiga makofi.

Shangazi hakupiga.

Bunduki iliyochomelewa haifunguki. Hii ilifunguka laini kama droo ya kabati jipya. Na Mzee Kwata, aliyeweka saini kwamba zote zimeuawa mbele ya macho yake, hakushtuka hata kidogo ilipofunguka.

Alishtuka sekunde iliyofuata. Akainua macho, yakakutana na ya Shangazi.

Pale pale wakaelewana.

Mfadhili naye aliona. Akatoka mbio kwa mlango wa pembeni, tabasamu kaliacha nyuma.

"Dereva! Suti nyeupe imetoka! Funga ua!"

"Nimefunga! Dereva wa lori ananitukania ukoo wangu wote!"

"Mwache amalize."

Shangazi akavua viatu, akakimbia. Mwili ule ulikuwa na kasi yake, nawaambieni. Mlango wa pembeni ulitokea chumba cha sare. Sanamu za askari zilisimama mstari mzima, kaputula na makoti ya zamani, macho ya kioo. Kimya. Hakuna mtu.

Akapita taratibu mbele yao, peku, kama mkaguzi wa gwaride.

Askari mmoja alikuwa na koti refu, kofia imemfunika macho. Chini ya pua anatoka jasho. Mkononi ana Rolex.

"Kumbe zamani mlikuwa mnalipwa vizuri," akasema Shangazi.

Sanamu likachomoa bastola.

Mkoba ulifika kwanza. Una Beretta, una Nokia, una kufuli la nyumbani. Ukamkuta kwenye taya. Mfadhili akaanguka na kuangusha askari wengine pembeni yake, na pingu zikamkuta angali anajiuliza ni yupi kati yao aliyempiga.

"Dereva, njoo ubebe mmoja. Sogeza na magari mengine. Mzigo wote ni hai."

Kisha akaenda kumtafuta wa pili.

Hakuwa amekimbia. Alikuwa chumba cha picha za askari waliokufa kazini, mbele ya picha ya baba yake Shangazi. Viatu vyake viling'aa hata ungeweza kuchania nywele ndani yake.

"Mimi simpigi mtu risasi, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Mimi napitisha tu."

"Kwa nini, afande?"

"Walinileta huku kunipangusa vumbi pamoja na masanamu. Yule mgeni alikuja, akaniita bwana, akaniuliza ninayoyajua. Ni bunduki za kwenda mbali. Watu hata hatuwajui."

"Na ile bunduki ya majambazi iliyompiga baba, nayo uliipitisha? Wewe ulikuwa unatunza ghala la silaha mwaka ule."

Mzee akatazama viatu vyake.

Shangazi akangoja. Angeupokea uongo wowote, hata ule mbovu kabisa. Alimpa nafasi ndefu ya kuusema.

Mzee akaendelea kutazama viatu.

Hereni ikakwaruza. Safari hii alikuwa Bosi mwenyewe, mkuu wa idara.

"Kazi nzuri, Shangazi. Mgeni tunaye, anatosha. Mzee mtoe mlango wa nyuma, aende kwake apumzike. Wakubwa wamefika, hatutaki aibu. Umenipata?"

Shangazi akaivua hereni, akaidumbukiza kwenye chombo cha maua ya plastiki.

"Mikono, afande."

"Wamekuambia mlango wa nyuma," Mzee Kwata akanong'ona. Alijua wakubwa. "Nakuomba, binti yangu. Wanafunzi wangu wote wako pale mbele."

"Najua."

Wakatokea mlango wa mbele.

Jua lilikuwa kali. Viti vilijaa wastaafu waliovaa medali. Kumwona mwalimu wao, wakainuka wote wakapiga saluti. Kiongozi wa bendi akadhani ndio wakati, akainua fimbo. Tarumbeta zikalia.

Na miguu ya Mzee Kwata, pingu mkononi, ikashika mdundo. Kushoto. Kulia. Kushoto. Kichwa kilikuwa kimeinama, lakini miguu haikujua.

Ndipo jua likamulika pingu.

Saluti zikaanza kushuka. Moja moja, mstari kwa mstari. Mzee mmoja tu, macho yake mabovu, aliuacha mkono wake juu mpaka jirani akaushusha.

Shangazi alimfungulia mlango wa gari. Akamwinamisha kichwa asijigonge.

"Angalia miguu yako," akamwambia.

Gari likaondoka. Akavaa miwani ya jua, akashuka barabarani peku, viatu mkononi, mkoba begani. Hakugeuka nyuma. Simu ililia mkobani: Bosi. Akaiacha ilie.

Jioni simu hiyo ingenyamaza kabisa. Mtu pekee aliyekuwa akimpigia saa zile, kumwuliza kama amekula, alikuwa ndani ya lile gari.