Mate ya Bibi Naishorua

Kila Jumatatu, baada ya kufagia uwanja na kabla ya uji, shule yetu ya bweni nje kidogo ya Karatu ilisimama kwa heshima mbele ya gazeti la ukutani. Ukungu ulikuwa bado mzito na vidole vimekufa ganzi, lakini hakuna aliyeenda kupanga foleni ya uji kabla ya kujua nani kachomwa. Safu iliyochoma iliitwa "Mwiba", na mwandishi wake alikuwa Germana wa darasa la saba, binti wa mkulima wa Kansay.

Germana hakuwa na simile. Aliandika kwamba timu yetu hufungwa kwa sababu golikipa anaogopa matope. Aliandika kwamba kabeji za shule huliwa na mbuzi wa mwalimu wa nidhamu, akataja na rangi ya mbuzi. Alipoitwa ofisini aombe radhi, alijibu kwa adabu zote kwamba mwenye kuomba radhi ni mbuzi. Kwa jibu hilo alipewa adhabu ya kupalilia maharage Jumamosi nzima, nasi tukamwona shujaa wa taifa.

Jumamosi hiyohiyo ilikuwa siku ya wazazi. Bibi Naishorua alifika kutoka Piyaya, mwendo wa miguu na lori la mahindi, kumwona mjukuu wake Nosim wa darasa la sita. Baba yake Nosim alipotaka kumwoza binti yake, bibi huyu ndiye aliyesimama mlangoni akasema mtoto atasoma. Alipopelekwa kumsalimu mwalimu mkuu, Mwalimu Bartolomeo, aliyetoka kusini na kuwa na muhula mmoja tu kwetu, bibi alikishika kiganja chake, akakitemea mate kidogo na kunena maneno ya Kimaasai. Mwalimu alitoa leso taratibu, akajifuta, akatabasamu kama mtu aliyemeza kwinini.

Jumatatu "Mwiba" ukaandika: "Mwandishi wenu alishuhudia kwa macho yake bibi wa Piyaya akimtemea mate mwalimu mkuu kwa chuki, mbele ya bendera ya taifa. Tukinyamaza, kesho tutatemewa sote."

Shule ikagawanyika. Wengine walisema Germana amezidi, wengine wakaapa kwamba hajawahi kuandika uongo, na mabweni mawili yakanuniana. Wavulana walitema mate kila Nosim alipopita. Mwalimu mkuu, aliyekwisha kulisahau jambo lile, sasa aliona shule nzima inamcheka. Akamwita Nosim. Nosim alieleza kuwa kwao mate ya mzee ni baraka, lakini Mwalimu alimjibu kwamba mjukuu hakosi kumtetea bibi yake, na gazeti lina shahidi. Bibi arudi kabla ya shule kufungwa, aombe radhi mbele ya wanafunzi. La sivyo, Nosim afungashe.

Nosim alitoka ofisini macho makavu. Baba yake akisikia kwamba mama yake mzazi ameitwa kuomba radhi kwa kosa la kubariki, masomo yangeishia hapo, na mchumba mwenye ng'ombe wengi angeitwa.

Lengai, mtani wa darasa lake, alijitolea kutia upupu kwenye blanketi la Germana.

"Upupu mtu anaoga, unaisha," Nosim alisema. "Mimi nataka kitu kisichooshwa."

Akawa anatembea na kisasi chake, anakicheua kama ng'ombe. Lengai, kwa kumliwaza, alisema kwamba laiti angejua, siku ile ya wazazi angemmwagia Germana upupu palepale shambani, maana naye alikuwa na adhabu yake ya chura kwenye kiatu cha kiranja, na walipalilia pamoja mpaka jua likazama.

Nosim akasimama. "Hebu rudia."

Ijumaa, katika baraza la shule, Nosim aliomba kuuliza swali.

"Dada Germana, mate ya bibi yangu yalimwangukia Mwalimu wapi?"

"Usoni," Germana alijibu bila kusita.

Mwalimu Bartolomeo alikitazama kiganja chake.

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Germana akatazama mlangoni. Lengai akainuka bila kuruhusiwa, akatangaza kwa sauti ya padri kwamba dada alikuwa akipalilia tuta lililopakana na lake yeye Lengai, ng'ambo ya korongo, ambako hata paa la ofisi halionekani.

Baraza likalipuka. Wote waliowahi kuchomwa walipiga kelele, golikipa akiwa wa kwanza, na wengine wakadai afukuzwe. Germana alisema alisikia habari jikoni, na kila mtu alikuwa akiusubiri "Mwiba" wa Jumatatu. Nosim alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mwalimu akamwuliza adhabu gani itamtosha.

"Naye atemewe mate," Nosim alisema. "Na bibi yangu. Mbele yetu sote."

Tulishangilia mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Nosim alijua vizuri anachoomba. Alitaka tu Germana akae akikiogopa mpaka siku ya kufunga shule. Na kweli aliogopa, hata uji wake akawa anaugawa.

Siku hiyo Bibi alikuja, si kuomba radhi tena bali kutema. Germana aliinamisha kichwa, macho kayafumba kama kondoo. Bibi aliweka mkono utosini pake, akatema kidogo, akanena kwa upole. Nosim alilazimika kutafsiri, meno kayauma: "Anasema uishi miaka mingi, na ulimi wako ulishe watu."

Germana akalia. Mwalimu Bartolomeo naye akasogea, akamwomba bibi radhi, akanyoosha kiganja. Safari hii hakutoa leso.

"Kalamu isiyoogopa tunaihitaji," alituambia. "Lakini ujasiri wa kusema si ruhusa ya kusema usichokiona. Germana aliandika bila kwenda kwa mwenyewe kumwuliza. Mimi nilikutana na desturi ya watu nisiyoijua, nikajibu kwa hasira. Kabla hujamhukumu mtu, mwulize kwanza. Na ukikosea hadharani, rekebisha hadharani."

Nosim akabaki shuleni. Jioni ile Germana alimfuata, akamwuliza kama sasa yamekwisha.

"Bado," Nosim alisema. "Shule ikifunguliwa, nitafute kila jioni unifundishe hesabu, mpaka siku utakayoondoka hapa. Ukichelewa, namwita Lengai."