Bendera ya Kirangozi Kasanda

Zama zile misafara ya pembe ilipokuwa ikipita Unyanyembe, Wazungu wawili walikaa Tabora wakijiuguza homa, kila mmoja akidai ndiye aliyeliona ziwa la Ujiji kwanza. Bwana Holdeni na Bwana Krofti hawakusalimiana. Huyu akichinja mbuzi, yule huchinja ng'ombe. Basi Waarabu walipotangaza vita juu ya Mtemi Lugalila, aliyeifunga njia ya Ujiji, wote wawili wakajitia vitani.

Kasanda Mnyamwezi alikuwa kirangozi wa Holdeni, mtangulizi wa msafara, mwenye joho jekundu na bendera. Mkewe Nyamizi, aliyembebea vyungu safari tatu, alilala hoi kwa homa.

"Bwana, nipe ile dawa yako chungu ya homa. Mke wangu anakwisha."

"Bendera yangu ikiingia bomani mwa Lugalila kabla ya ile ya Krofti, utapata chupa."

"Nipe leo. Kesho nitakufa na bendera yako, ukitaka."

"Kwanza boma."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kasanda akaenda. Holdeni akawazuia wapelelezi kutangulia, eti akiwangoja, Krofti atamwahi. Wakubwa ndio hao. Kasanda akaingia langoni wa kwanza, bendera juu. Boma tupu, hata kuku hamna. Walipokuwa wakirudi, mtama wa kando ya njia ukainuka na mikuki ya Lugalila. Watu wakaanguka kama mabua. Holdeni, juu ya punda, akampita Kasanda mbio bila kugeuka.

Jua likishuka Kasanda alimkuta barazani Tabora.

"Umenipita njiani, bwana. Kwa desturi ya msafara, ampitaye kirangozi hutozwa faini. Yangu ni ile chupa."

Holdeni akaitoa. Ilikuwa kavu.

"Niliimaliza juma lililopita," akasema. "Nami nilikuwa mgonjwa."

Kasanda akafika kwake. Majirani walikuwa wamekwisha kumfumba Nyamizi macho tangu adhuhuri. Sanda haikuwapo, vitambaa vyote vimefungwa robota kwa safari ijayo ya mabwana.

Siku ya tatu Holdeni, akiandika barua ya Ulaya kumkanusha Krofti, aliitaka bendera iwe ushahidi.

"Iko chini, bwana."

"Chini wapi?"

"Kwa Nyamizi. Imemfunika."

Barua zao zilibishana miaka mingi juu ya nani aliingia bomani kwanza. Aliyeingia kwanza hakutajwa.