Kifungo cha Shati la Buluu

Watu walimwita Daktari, ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Ukimpelekea kompyuta iliyokufa, alikuwa akiuliza kwa sura ya huzuni, "Mgonjwa alikula nini mara ya mwisho?" Mkacheka, akaishika bisibisi, na mara nyingi mgonjwa akapona. Hodari, mcheshi, na mbishi kweli kweli. Ukimwambia habari za uchawi, anakuuliza unatumia umeme wa volti ngapi.

Jioni hiyo alikuwa anafunga karakana yake, kile chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amemtuma ndimu. Si ndimu moja, si mbili, mfuko mzima. "Na usichelewe," alimwambia, "mwanao akikosa ndimu ananipiga mateke." Mvua ilikuwa imeshaanza kunukia. Daktari akavaa shati lake la buluu, akaisukuma pikipiki nje, na simu ikalia.

Alikuwa binti wa mama yake mkubwa, aliyerudi wiki hiyo kutoka kazini mbali.

"Kaka, pitia hapa mara moja. Kompyuta ya baba haiwaki."

"Kesho asubuhi nitakuja, dada."

"Kesho mama atakuwepo." Akashusha sauti. "Hataki iguswe."

Sasa huyo baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, alikuwa karani maisha yake yote, na alipostaafu akawa anawachapia watu barua hapo sebuleni. Miezi sita iliyopita aliugua ghafla, akiwa kwenye kiti kile kile cha kompyuta. Tangu hapo ni kitandani tu. Hanyanyuki. Hasemi. Isipokuwa kila jioni, giza likianza kuingia, hutamka neno moja: "Niwashie."

"Nadhani anataka kuona picha zake," binti alisema. "Mzazi anaomba kitu kimoja, kaka. Mimi nimnyime?"

Hapo ungesema nini? Daktari akajipigia hesabu: nusu saa, kisha ndimu.

Nyumba ilikuwa safi, imefagiliwa vizuri, lakini ndani mlikuwa na harufu ya udongo. Si vumbi. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Daktari akadhani ni mvua. Akaingia kwanza chumbani kumsalimu mgonjwa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Kimya. Macho wazi, yanatazama dari. Kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Hrrr... haa. Hrrr... haa. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama maji ya alfajiri.

"Tazama kidevu chake," binti alinong'ona pale mlangoni. "Mimi sijamnyoa. Mama anasema tangu augue hajawahi kumnyoa. Na kucha je? Nani anamkata?"

Kidevu cha mzee kilikuwa laini, kana kwamba kimenyolewa asubuhi ile. Daktari akahisi kitu kidogo kikimtambaa mgongoni. Akakikung'uta kwa maneno. "Dada, mimi natibu wenye nyaya tu." Akarudi sebuleni.

Akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka mara moja, ikasimama. Akabonyeza tena. Vile vile. Akabadilisha waya wa umeme, akajaribu soketi nyingine, hola. Akafungua ubavu wa mashine, akatoa pawa saplai, kisanduku cha kuilisha umeme, akaijaribu peke yake kwa pini ya kubania karatasi. Nzima. Kadi za RAM akazichomoa, akazisugua meno kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akazirudisha. Feni ikazunguka mara moja, ikasimama. Mvua ikaanza kupiga bati. Binti alikuwa kila baada ya dakika mbili anachungulia dirishani, maana mama yake alikwenda sokoni, naye hakuwa mtu wa kukutwa na giza nje.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na dakika kumi na saba.

Chumbani, pumzi ikakatika.

"Niwashie..." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliye mbali sana. "Niwashie, mwanangu. Nimechoka kusimama."

Binti akamshika Daktari mkono hadi kucha zikaingia. "Kusimama wapi, kaka? Miezi sita hajanyanyuka! Na hilo la kusimama sijawahi kumsikia akilisema."

Pumzi zikaanza tena. Hrrr... haa.

Daktari aliogopa, tusimfiche. Lakini mwoga mwenye bisibisi mkononi huendelea na kazi, ili asisikie woga wake. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja hajakikagua: betri ya saa, ile ndogo bapa kama sarafu, inayoikumbusha mashine tarehe hata ikiwa imezimwa. Akainamisha tochi.

Pale pa betri hapakuwa na betri.

Palikuwa na kifungo cha shati. Cheupe, cha matundu manne, uzi ungali ndani yake, na uzi wenyewe umezungushwa mara saba na kufungwa kwenye kijipini cha madabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Ni kazi ya mikono yenye subira. Mtu alikaa akaifanya.

"Nini hicho?" binti akauliza.

"Takataka," Daktari akasema. Fundi ana tabia moja: kisichokuwa cha mashine hakikai ndani ya mashine. Akakata uzi, akakitoa kifungo kwa vidole, akatumbukiza betri mpya kutoka mkobani, akabonyeza.

Tiii.

Feni ikavuma. Skrini ikawaka, ikaomba tarehe na saa. Mashine ikikosa betri hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, miaka mingi nyuma, kila fundi analijua hilo. Hii haikurudi huko. Ilikuwa imesimama kwenye siku moja ya miezi sita iliyopita, saa kumi na mbili na dakika kumi na saba jioni.

"Ndiyo siku aliyougua," binti akasema taratibu.

Vidole vya Daktari vilikuwa vimeshaandika tarehe ya leo. Mazoea hayana akili. Akabonyeza kukubali.

Kukawa kimya.

Mvua ilikuwa bado inapiga bati, lakini kulikuwa na kimya chini yake, na ilimchukua Daktari muda kujua kimetoka wapi. Chumbani hapakuwa na mtu anayepumua.

Binti alikimbilia chumbani. Hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume, mkono mdomoni, na Daktari akachungulia juu ya bega lake. Baba Mkubwa alikuwa amelala vile vile, ila shuka lilikuwa limelala chini zaidi, kama halina kitu cha kufunika. Ndevu zilikuwa zimemfika kifuani. Kucha zilikuwa ndefu, zimejikunja. Na harufu ya udongo... jamani, harufu ile!

"Nani kaiwasha?"

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni, kikapu mkononi, maji yanamtiririka. Hakumtazama mumewe. Alitazama kiganja cha Daktari.

"Umekitoa kwa mkono wako?"

"Mama Mkubwa, mimi nilidhani..."

"Umekitoa kwa mkono wako, mwanangu?"

"Ndiyo."

Yule mama akaketi sakafuni, pale pale, na tope zake. "Anayekitoa humfuata," akasema. "Ndiyo maana sikukitoa mwenyewe. Kila siku nilisema leo, nikaogopa. Nenda kwa mama yako. Mama yetu alitufundisha sote wawili. Nenda sasa hivi, usisimame njiani. Hata ukiitwa, usisimame."

Daktari alipanda pikipiki. Ubishi wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa anamuwaza mkewe na lile tumbo, na mtoto ambaye hajamwona uso. Mungu wangu, nimwone tu, alisema moyoni, nimwone hata siku moja. Barabara ilikuwa maji matupu. Taa ya pikipiki ilimulika hatua kumi mbele, basi.

Karibu na kona ya mwisho, nyumba ya mama yake ikionekana kabisa, palikuwa na mtu kando ya barabara. Mrefu. Amesimama tu kwenye mvua, na nguo zake kavu.

"Daktari," yule mtu aliita kwa upole. "Samahani. Saa ngapi sasa hivi?"

Nani asiyejua? Mtu akikuuliza saa, mkono unainuka wenyewe.

Daktari akatazama saa yake. Kumi na mbili na dakika arobaini na mbili.

*

Alipofumbua macho alikuwa kitandani kwake, nguo kavu, mama yake mzazi ameketi ubavuni. Mkewe alikuwa amesimama dirishani, macho yamevimba. Walimwambia aliteleza na pikipiki, akapata homa, na kwamba Baba Mkubwa ameshazikwa. Akauliza lilipo shati lake la buluu. "Lilichanika," mama yake akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki tatu zikapita. Tumbo la mkewe likakua. Mama yake hakurudi kwake, alihamia hapo kabisa, na kila jioni aliweka kigoda chake mlangoni mwa karakana akachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Daktari alirudi kazini. Hakuwa na njaa sana. Mkewe, aliyezoea kumtania kwamba ndevu zake zinaota kama magugu, siku hizi hakumtania.

Jioni moja akataka kuandika orodha ya vifaa kwenye kompyuta yake mwenyewe, ile ya mezani ambayo hakuigusa tangu augue. Akabonyeza.

Feni ikazunguka mara moja, ikasimama.

"Iache," mkewe akasema haraka mno, kutoka jikoni. "Tutanunua nyingine."

Daktari akabonyeza tena. Vile vile. Akapeleka mkono kidevuni taratibu. Laini. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho kushika wembe, asikumbuke. Hakujaribu soketi. Hakugusa RAM. Alifungua ubavu wa mashine, akainamisha tochi pale pale.

Kifungo cha buluu. Matundu manne. Uzi umezungushwa mara saba.

"Funga, mwanangu."

Mama yake alikuwa nyuma yake. Sinia la mchele lilikuwa bado mikononi mwake.

"Mama," Daktari akanong'ona. "Mimi nilikufa?"

"Ulichelewa kufika. Kidogo tu." Machozi yakamdondoka juu ya mchele. "Tulikukuta pale kwenye kona, bado una joto. Mkeo alinishika miguu. Akaniambia, mpaka mtoto azaliwe tu, amwone baba yake. Ningefanyaje? Nikaisimamisha saa yako kwa kifungo. Nawe ni wangu."

"Na Baba Mkubwa?"

"Dada yangu naye alisema, mpaka binti yake arudi tu, amwone. Binti akarudi." Akapangusa pua kwa kanga. "La kuvunda halina ubani, mwanangu. Tunajua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuachilia ni kingine."

Daktari alikitazama kifungo. Ni fundi, na vidole vyake vilikuwa vinawasha. Akimwachia mtu mwingine akitoe, mtu huyo atamfuata. Mke wake, labda. Au siku moja mtoto mwenye mikono ya udadisi kama ya babake. Mtu pekee wa kukitoa bila kumwua mtu alikuwa yeye mwenyewe, aliyekwisha kufuata. Alilielewa hilo lote, wazi kabisa. Akanyoosha mkono. Vidole vikagusa uzi.

Jikoni mkewe akacheka kidogo, kicheko cha maumivu. "Loo, huyu mtoto na mateke yake!"

Daktari akarudisha mkono. Akachukua kifuniko, akakiweka mahali pake, akakaza skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne akaikaza hadi bisibisi ikateleza.

"Mpaka azaliwe tu," akasema.

Mama yake aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Mkewe akaja na bilauri ya maji ya ndimu, akaiweka mezani, akamwekea mkono begani. Nje jua lilikuwa linakwisha. Daktari akaanza kusikia miguu ikimuuma, kuanzia nyayo, ikipanda magotini, maumivu ya mtu aliyepangwa foleni kutwa nzima. Puani kukamjia harufu ya udongo. Akatazama saa. Kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Alijaribu kufunga mdomo, ukakataa.

"Niwashie," akasema, kwa sauti kavu. "Niwashie, mke wangu. Nimechoka kusimama."

Mkono ukaondoka begani. Mkewe akarudi nyuma hatua moja, akishika tumbo, akimtazama.

Daktari alikuwa ameketi kitini.