Fomu ya Kumwacha Profesa

Duka la kuchapa lililo mkabala na lango la chuo lilikuwa limefurika. Mashine mbili zilinguruma, wanafunzi walisukumana, na mwenye duka alipaza sauti: "Nani wa fomu moja?"

"Mimi!" wakaitika wawili kwa pamoja.

Mmoja alikuwa binti mwenye gauni la kijani lililopauka mikononi kwa dawa za maabara. Wenzake walimwita Mama Kuvu, maana mwaka wa tatu huu alikuwa akichunguza kuvu inayoharibu nafaka ghalani, akitafuta shahada ya uzamivu. Wa pili alikuwa kijana wa ovaroli ya bluu, bisibisi mfukoni, fundi wa hadubini na majokofu ya kitivo cha sayansi. Fundi akaidaka karatasi ya kwanza na kuisoma bila haya.

"Kubadili msimamizi wa utafiti! Dada, unamwacha Profesa?"

"Wewe umetumwa kuchapa au kusoma?"

"Nimetumwa kuchapa. Kusoma nimejitolea."

Mama Kuvu alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka.

Walikaa kwenye benchi nje ya duka, na mambo yote akayamwaga. Profesa alikuwa na jina kubwa, picha zake zimejaa ukutani. "Nami nililichagua hilo jina," alisema. "Sikumuuliza mwanafunzi wake hata mmoja. Sasa sura yangu ya pili ina miezi minane mezani kwake, anaiwekea kikombe cha chai juu. Nikimuuliza, ananiambia sayansi haitaki haraka."

Safari hii alikuwa amejanjaruka. Kabla ya kubisha kwa Daktari wa ghorofa ya tatu, mama mmoja mhadhiri, mpole wa sauti na mkali wa kazi, aliwahoji kwanza wanafunzi wake. Je, anasoma? Anarudisha baada ya muda gani? Wangapi wamemaliza? Majibu yakamridhisha. Daktari naye alikubali, ila kwa sharti: "Nipe wiki mbili nizungumze na mkuu wa idara. Mpaka hapo, Profesa asisikie neno." Chuoni hapo kila mtu aliujua utaratibu huo. Unapata kwanza wa kukupokea, ndipo unaaga.

Basi mapenzi yakaanza, na simu hazikukoma.

"Haloo, daktari wangu."

"Sijawa daktari bado, we mwanaume."

"Mimi nimeshakutunuku. Chuo kitafuata."

"Looh! Na maneno hayo umesomea wapi?"

"Nyuma ya majokofu, mpenzi. Kuna utulivu."

Mama Kuvu alimpenda, asidanganye mtu. Alipenda hata harufu ya grisi kwenye ile ovaroli.

Sasa Fundi naye, na moyo wake mwema, akaharibu. Siku ya tisa aliitwa kutengeneza jokofu kwenye maabara ya Profesa. Akamkuta mzee anacheka, akaona hapa ndipo pa kumsaidia mpenzi wake. "Profesa," akasema, "yule binti wa kuvu anakuheshimu sana. Akihama, mwachie kwa amani."

Kesho yake asubuhi, ufunguo wa Mama Kuvu haukufungua mlango. Kitasa kilikuwa kipya, na sampuli zake za miaka mitatu zilikuwa ndani.

"Nilitaka kukulainishia," Fundi alijitetea kwenye simu.

"Nani alikutuma? Nina mdomo!"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Umeshasema ya kutosha. Ya kwako na ya kwangu."

Akakata. Alilia kidogo chooni, akanawa uso, akapanda kwa Daktari. Mama yule hakumficha kitu: "Kukupokea nakupokea, na mkuu wa idara atasaini hata Profesa akigoma. Ila sampuli ni za maabara yake. Hizo siwezi kukuahidi."

Kwa hiyo aliingia kwa Profesa akijua vizuri anachokwenda kupoteza. Hakukaa, fomu mkononi.

"Chana fomu hiyo hapa," Profesa alisema bila kuinua macho, "ufunguo utaupata leo hii. Ukitoka, unatoka mikono mitupu."

"Sikuja kuomba ruhusa, Profesa. Nimekuja kuaga."

"Miaka mitatu, binti! Utaanzia wapi?"

"Ghalani. Kuvu haijaisha duniani. Nitakusanya upya." Akanyoosha mkono, akakisogeza kikombe, akaichukua sura yake ya pili. "Na hii naondoka nayo. Kuna mtu ameshaniomba aisome."

Ilirudi baada ya siku nne, imejaa wino mwekundu. Mama Kuvu aliikumbatia.

Wiki tatu zilipita bila simu. Kisha hadubini ya ghorofa ya tatu ikagoma, na Fundi akaja na sanduku lake, amenyoa ndevu, macho chini.

"Sikuja kujitetea," alisema. "Nilikusemea kitu ambacho ni chako. Kwa sababu yangu unaanzia sifuri."

"Ni kweli."

"Umenichukia?"

"Ningekuchukia ningelala vizuri. Tengeneza hadubini."

Alikuwa bado ameinama pale Profesa alipotokea mlangoni, tai shingoni, na kumpita binti kwa macho kama vile hayupo.

"Fundi, mwambie mwenzio sampuli zake bado zipo. Akirudi kwangu, tutasahau yote."

Mama Kuvu akaacha kuandika. Fundi alimtazama Profesa, akamtazama yeye, akaweka bisibisi chini taratibu.

"Shikamoo, Profesa. Mwenyewe huyu hapa. Mwambie yeye."

Ikambidi Profesa ageuke.

"Umesikia, binti?"

"Nimesikia, Profesa. Ahsante. Sirudi."

Viatu vya mzee vilisikika mpaka mwisho wa ngazi. Hapo ndipo Mama Kuvu alipomgeukia Fundi, macho yamejaa machozi na kidevu kiko juu.

"Jumamosi uje nyumbani. Baba yangu ni mkali, nakuonya."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie unataka kunioa. Ukimaliza hapo nyamaza, mengine nitasema mwenyewe."