Simu Yangu Ilifanana na ya Evodia

"Huyu dada? Namfahamu kwa sura tu."

Aliyesema hivyo ni Stanley. Mchumba wangu! Mwanaume ambaye wazee wake walishafika kwetu Mlali na barua ya posa...

Na aliyasema hayo watu wamenizunguka gengeni Makole, mmoja kanikamata mkono, mwingine kashaokota jiwe.

"Mwizi huyo! Asiachiwe!"

Jamani, ngoja niwape mkasa wenyewe.

Ilikuwa mwaka 2003. Mimi Ruthu, fundi cherehani. Enzi hizo ukiwa na simu mtaa mzima unajua. Stanley, karani wa ofisi moja mjini, ndiye aliyeninunulia.

"Hii ni Nokia 3330, mama. Toleo jipya!"

Mimi ningejuaje? Niliona simu ya bluu, nikaringa nayo.

Jioni ya mkasa nachagua mboga ya mlenda pale gengeni, simu ikaita. Hata haloo sijasema, mkono ukanidaka, mwingine ukaipokonya simu.

"Simu yangu hii!"

Alikuwa dada mmoja mrembo, kavaa kitenge kipya. Evodia. Wiki ile alikuwa ameibiwa simu soko la Sabasaba.

"Dada, hii ni yangu. Nimenunuliwa."

"Na nani? Mlete hapa!"

Stanley alikuwa kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara. Nikamwita mpaka sauti ikakauka. Akatoka mbio, kichwa kimenyolewa upande mmoja, kitambaa cha kinyozi shingoni.

Akamwona Evodia. Akasimama ghafla!

"Stanley, waambie! Si wewe uliyeninunulia?"

Ndipo akasema yale. Kwa sura tu.

Nikawaza, kumbe simu ya wizi? Ndiyo maana ananikana?

Mungu si Athumani, mzee Sostenes, balozi wetu wa nyumba kumi, akatokea.

"Shikamoo mzee... wananiua!"

"Marahaba. Nyie, wekeni mawe chini! Evodia, simu yako aina gani?"

"Nokia 3330, mzee. Ya bluu."

"Na yako, Ruthu?"

"Nayo... 3330."

Watu wakalipuka. Nimejimaliza mwenyewe!

Nikaitazama ile simu mikononi mwa Evodia. Mbele imeandikwa Nokia tu, hakuna namba. Hapo nikakumbuka... siku naweka laini niliona kibandiko cheupe chini ya betri. Sikuwahi kukisoma.

"Mzee, ifungue nyuma! Toa betri!"

Mzee Sostenes akavaa miwani. Akaichukua, akafungua mfuniko, akatoa betri, akaisogeza karibu na pua.

"Tatu... tatu... moja... sifuri."

Akavua miwani.

"Hii ni 3310. Evodia, siyo yako."

Evodia akaniachia mkono. Machozi yakamlengalenga.

"Dada, nisamehe. Zinafanana mno!"

Mawe yakadondoka moja moja. Watu wakaanza kutawanyika, hawanitazami usoni.

Nikafikiri yameisha...

Evodia akamgeukia Stanley, akamshika mkono.

"Twende zetu, mpenzi. Utaninunulia nyingine tu."

Nikamzuia.

"Umesema nyingine?"

"Ndiyo. Ile iliyoibiwa alininunulia yeye. Ni mchumba wangu, tunafunga ndoa Desemba."

"Desemba?! Mimi posa yangu ishafika kwa baba!"

Tukatazamana. Kisha tukamtazama yeye.

"Jamani, nitawaeleza..." Stanley akaanza.

Hakueleza kitu! Alitimua mbio na kile kitambaa shingoni, kinyozi naye nyuma yake anadai kitambaa chake. Gengeni watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi sikucheka. Mwanaume alikuwa tayari nipigwe mawe, ili siri yake tu isifichuke.

Na kilichonichoma zaidi? Mwenzangu kanunuliwa 3330 kweli. Mimi nikapewa toleo la nyuma yake na uongo juu!

Baba alirudisha posa wiki hiyohiyo. Evodia naye alimwacha, akaja kwangu na kitambaa nimshonee gauni, akakaa mpaka jioni tukilia na kusimuliana. Leo wanangu wanamwita mama mdogo.

Ndugu msomaji, ijue simu yako. Zile za zamani soma chini ya betri. Hizi za sasa ingia kwenye mipangilio, tafuta "Kuhusu simu", jina la toleo lipo pale. Usiishi kwa kuambiwa.

Na mtu akikukana siku umezungukwa, hata akirudi na machozi, usimfungulie mlango. Stanley alirudi mara nyingi. Sikufungua.