Mikono Miwili ya Kushoto

Kila asubuhi Mama Cherehani aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, kisha akaanza kushona. Mguu ulikuwa kwenye pedali, macho kwa watu asiowajua wakicheza densi. Mumewe, fundi viatu, aligonga soli uani peke yake. Hata "umeshindaje" ilikuwa imeadimika nyumbani humo.

Siku moja bibi harusi alikuja kujaribu gauni. Mkono mmoja wa gauni ukagoma.

"Shangazi, mbona yote miwili ni ya kushoto?"

Mama Cherehani akatazama mshono. "Kweli, mwanangu."

"Au nitafute bwana mwenye miwili ya kulia?" Bibi harusi alicheka, lakini akaonya: ikitokea tena, atahamia kwa fundi mwingine.

Mume akaiba simu, akaificha ndani ya buti la mteja. Mteja akaja, akatia mguu, buti likaimba. Alilirusha juu ya ukuta! Simu ikaokotwa nzima. Mke alipojua, hakugomba. Alilia. Hapo mume akaogopa.

Akamwendea jirani yao, muuguzi.

"Dada, mke wangu ameolewa na simu."

"Na wewe shemeji, siku ya posa ulikuwa wapi?" Muuguzi akacheka, kisha akauliza, "Kile kiti mbele ya cherehani, nani alikikalia?"

"Dada yake. Walishona wakipiga soga. Tangu tumzike, kimebaki kitupu."

"Basi ndipo hapo. Mtu akiwa mpweke, au ana huzuni asiyoisema, hukimbilia simu. Ukimnyang'anya tu, unamwachia kimya kilekile. Kaa naye. Kisha mpangiane wakati wa simu. Akizidiwa, mlete kliniki, tuna mshauri."

Kesho yake mume akabeba nyundo na gundi, akasimama mbele ya kile kiti.

"Nikae?"

"Umekuja kunipigia kelele?"

"Nimekuja kupigiwa soga. Wewe na dada yako mlikuwa mnachekea nini?"

 Mke akasimulia, akalia, akacheka. Wakakubaliana: simu ikae kwenye droo mpaka wakati wa chakula. Mwanzoni mkono wa mke uliikimbilia droo wenyewe, na mume akawa anaupa sindano ya kutunga uzi.

Bibi harusi akarudi. Mikono ikakaa sawasawa. Mara droo ikaanza kulia.

"Shangazi, simu!"

"Iache ilie, ikichoka itanyamaza," akasema Mama Cherehani, pini mdomoni. "Wewe geuka, nione mgongo. Na wewe mzee, malizia ile habari ya buti."